Nane Si Kubwa Kuliko Tisa

Muganyizi tulifundisha naye chuo kimoja hapa Mwanza, meza yake ikitazamana na yangu. Ni Mhaya wa Muleba. Tulimtania kwa kumwita nshomile, msomi wa kupitiliza, naye alicheka akijua tunasema kweli. Aliwafundisha uthibitisho wa kihesabu wanafunzi wa kompyuta, watoto waliokuja kujifunza kutengeneza programu wakakutana na yeye.

Hawakuelewa, walikariri. Madesa yake, yaani maelezo yaliyonakiliwa ubaoni, yalitolewa fotokopi mtaani Mabatini na kurithishwa mwaka hadi mwaka. Aliyeyarudisha neno kwa neno alifaulu. Mimi niliyaona hayo nikanyamaza, na sijisamehe.

Mwaka juzi, kwenye mtihani wa marudio, aliuliza swali lake la siku zote: thibitisha kwamba mbili kwa kipeo cha namba yoyote nzima, kuanzia moja, ni kubwa kuliko mraba wa namba hiyo au sawa nao. Ng'washi, binti wa wakulima wa mpunga wa Magu, aliandika mstari mmoja tu: haiwezekani, kwa sababu kwa tatu tunapata nane, na nane si kubwa kuliko tisa. Muganyizi aliona jibu fupi lisilofanana na majibu ya wenzake, akaweka sifuri, akachukua karatasi nyingine. Swali hilo ndilo lingemvusha. Ng'washi aliondolewa chuo, na siku za kukata rufaa zikapita bila yeye kuonekana.

Mwaka huu, akilieleza swali lilelile darasani, mwenyewe alikwama kwenye tatu. Alirudi ofisini, akaitafuta ile karatasi kabatini, akaisoma akiwa amesimama. Alikwenda kwa wakubwa kukiri kosa. Walimjibu kuwa matokeo yalishapitishwa na mambo yamekwisha. Nilimhurumia, na bado nilitamani kumzaba kofi.

Tulikwenda Magu pamoja. Ng'washi alikuwa kando ya barabara akipima mchele. Alituamkia shikamoo, akatufutia benchi kwa kanga. Muganyizi alimweleza yote bila kujitetea, kisha akamuuliza kwa nini hakukata rufaa.

"Nilirudia hesabu mara tatu, mwalimu," alisema. "Kila mara nilipata nane. Halafu nikasema, mwalimu amesoma, hawezi kukosea miaka yote hiyo. Nikaona mwenye kosa ni mimi."

Mteja alikuja. Ng'washi akaomba radhi, akarudi kwenye mizani yake.