Vumbi la Siku Aliyoondoka Baba

Nilipokuwa na miaka minane nilimfagia baba yangu akapotea. Ndivyo nilivyoamini kwa muda mrefu, na sikumwambia mtu ila mmoja.

Kwetu Butembo, mtu akianza safari, nyumba haifagiwi mpaka alale huko aendako. Ukifagia mapema unazifuta nyayo zake, naye hataiona njia ya kurudi. Mukaka, ndivyo tulivyomwita bibi kwa Kinande, alituonya mara nyingi, na hakuona ugomvi wowote kati ya onyo hilo na rozari yake. Asubuhi ile baba alipanda lori la kahawa kwenda Kasindi, mpakani na Uganda, akaniahidi sabuni ya kunukia. Mama alikuwa sokoni, Mukaka yuko misa. Mimi, kwa kutaka kusifiwa, nilifagia uwanja mzima na kutupa taka kwenye shimo la migombani.

Wiki hiyohiyo vita vilifunga barabara. Malori mengine yaligeuza nusu njia, mengine hayakuonekana tena. La baba halikuonekana.

Tulingoja. Kila siku baada ya ugali tulipiga magoti. Katekista alikuja kutuambia kwamba wakati wa Mungu ndio wakati mzuri, mama akaitikia kwa heshima, na alipoondoka mama akasema angependa kujua kama bwana huyo amewahi kungoja mtu yeyote. Mimi nilichoka kusali kabla sijafikisha miaka tisa. Niliona aibu kumwomba Mungu amrudishe mtu niliyemfukuza mwenyewe.

Mwishowe nikabuni dawa yangu. Kila asubuhi kabla ya shule nilichota vumbi kwenye lile shimo kwa sahani ya bati, nikalimwaga mlangoni ili nyayo zirudi. Mama akifagia, kesho yake narudisha. Alidhani ni kuku anayechakura. Jogoo wetu alichinjwa kwa kosa hilo, na nilikula nyama yake.

Aliyenikuta na sahani mkononi ni Mukaka. Nilimweleza yote, nikingoja kofi, maana baba alikuwa mwanawe wa pekee. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akaifuta ile sahani kwa kitenge chake, polepole, ingawa haikuwa na haja ya kufutwa hivyo.

"Bwana yangu, babu yako, alienda Mutwanga kulima," akasema. "Sikufagia siku nne. Banjirani balicheka uchafu yangu. Lakini hakurudi."

Nikamwuliza basi kwa nini alitukataza.

"Juu kungoja ni kazi nguvu sana. Mutu anatafuta kitu ya kufanya na mikono." Akanitazama. "Mungu iko na saa yake, Kahindo. Miye pia namuulizaka ni saa ngapi. Hapana jibu."

Kisha akanipa ufagio. Tulifagia pamoja, yeye upande wa migomba, mimi upande wa mlango, na usiku wake nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu baba aondoke.

Mukaka alishikwa na kifua, tukamzika wakati wa mvua. Miezi miwili baadaye baba aliingia uwanjani kwa miguu, amekonda, viatu havifanani. Alikuwa amekwama ng'ambo, Uganda, akibeba magunia na kuiogopa barabara. Mama alimshika mkono. Baba akatutazama mmoja mmoja, akachungulia jikoni.

"Mama iko wapi?" akauliza.

Watu wakiniuliza kama uwanja ulikuwa umefagiwa siku ile, sikumbuki. Nakumbuka lile swali. Naamini ni Mungu aliyemrudisha baba, kwa saa aliyoichagua yeye, na kwa saa hiyo Mukaka hakuwepo. Yote mawili nayabeba. Ndiyo maana nikimtembelea mwanamke anayengoja mtu, simwambii haraka kwamba Mungu hachelewi. Namsaidia kumenya maharagwe.

Siku hizi mume wangu akienda Beni, mkono wangu bado unasita mbele ya ufagio. Halafu nafagia, mpaka kwenye barabara. Nikimaliza nakaa na simu mapajani, nimechoka kabla ya saa sita, namwuliza Mungu ni saa ngapi. Hajanijibu hata mara moja, nami bado namwuliza yeye.