Ukungu Katika Chumba cha Wageni

Siku Munojat alipoolewa na Doniyor, wazee walikubaliana mbele ya sinia ya pilau kwamba bibi harusi ataendelea na chuo. Mama mkwe, Hosiyat, aliweka mkono kifuani akasema, "Asome tu. Mradi masomo yake yasiniletee baya ndani ya nyumba." Watu wakaitikia amina. Sisi watu wa mji wa Margilan hodari sana wa kukubali mambo mazuri sinia ikiwa bado imejaa.

Haukupita muda Doniyor akaenda Urusi kujenga maghorofa ya watu, akamwacha mkewe na mama yake. Na mkaza mwana mpya, jamani, si mke wa mtu mmoja, ni mke wa nyumba nzima. Alfajiri afagie ua kabla jirani hajafungua mlango, asije akaitwa mvivu. Kila mgeni amwinamie kwa salamu. Chai amimine kidogo kidogo, maana ukijaza kikombe umemfukuza mgeni. Getini asitoke bila ruhusa, hata kiberiti kikiisha. Munojat aliyafanya yote bila kununa, kwa sababu Jumatatu na Alhamisi alikwenda chuo cha ualimu. Ami yake Doniyor alimpeleka kwa gari mpaka mlangoni na kumrudisha kutoka mlangoni. Kati ya kushushwa na kuchukuliwa alivaa koti jeupe akapumua.

Alisoma biolojia, mwaka wa kwanza, na alichokipenda kufa ni masomo ya vitendo. Aliambua ngozi nyembamba ya kitunguu, akaiweka chini ya hadubini, akaona imejengwa kwa vyumba vyumba. Siku hiyo alirudi nyumbani akakata vitunguu vya pilau huku anatabasamu peke yake, Hosiyat akamuuliza kama ana homa. Aliotesha maharage kwenye pamba iliyolowa, juu ya dirisha la jikoni.

"Unanipotezea mboga, binti," Hosiyat alisema, lakini hakuyagusa. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu duniani.

Kisha ikaja kazi ya mkate. Mwalimu wao, Bibi Sottiyeva, mwanamke mkavu asiye na mzaha, alisimama akasema, "Chukueni kipande cha mkate, mkiloweshe, mkifunike mahali pa giza penye joto. Mchore kila badiliko. Baada ya wiki mbili mniletee kikiwa na ukungu wake."

Darasa zima likaacha kuandika. Kwetu mkate ukianguka unaokotwa, unabusiwa, unagusishwa kwenye paji la uso. Ukikauka unachovywa kwenye chai. Kuuacha uoze kwa makusudi, nani amewahi kusikia?

"Mwalimu, kiazi hakifai?" akauliza msichana mmoja.

"Kiazi kale nyumbani kwenu. Nimesema mkate."

"Bibi yangu ataniua, Mwalimu!"

"Basi mfiche bibi yako. Asiyeleta, mtihani hataufanya."

Wenzake walinunua mikate ya dukani, ile ya mraba ya Kirusi, ambayo hata dhambi yake ni nyepesi. Munojat dukani angeendaje? Wazo la kumtuma mwenzake halikumjia mpaka mambo yalipokwisha haribika. Nyumbani kulikuwa na mkate wa tanuri tu, uliokandwa kwa mikono ya mama mkwe. Akanyofoa kipande, jicho mlangoni kama mwizi, na mwizi ndiye aliyekuwa.

Akakitia kwenye kikopo cha plastiki. Akifiche wapi? Jikoni Hosiyat anashinda humo. Chumbani kwake mwenyewe, Hosiyat anaingia bila kubisha hodi. Kilibaki chumba cha wageni, kinachofunguliwa akija mtu tu. Ukuta wake mmoja unapakana na jiko, kwa hiyo una joto, na mwezi ule theluji ilikuwa inayeyuka juu ya paa na maji yanapenya. Akakichomeka nyuma ya rundo la magodoro.

Juu ya magodoro yale, kwenye msumari, ulining'inia mkate wa Doniyor. Siku ya kuondoka aliung'ata mara moja, mama yake akautundika ukutani umsubiri, arudi aumalize mwenyewe. Hapa petu kila nyumba yenye mtu safarini ina mkate wake ukutani. Munojat aliuona kila siku na wala hakuufikiria, maana ulikuwa sehemu ya ukuta.

Mwenzangu, ukungu una maajabu yake! Kwanza zikaota nywele nyeupe, laini, kama za mtoto mchanga. Halafu kila unywele ukabeba kichwa cheusi kidogo kuliko kichwa cha pini. Munojat alikuwa na kioo cha kukuzia alichoazimwa na chuo. Alikaa sakafuni akichora, roho yake kwatu, akasahau chai motoni. Alipofunua kikopo, vumbi jeusi liliinuka, akalipuliza lisimwingie puani. Bibi Sottiyeva alikwisha wafundisha kwamba vumbi lile ndilo mbegu, na kila punje ikianguka penye unyevu inaota upya.

Siku hizohizo simu ya Doniyor ikawa haipatikani. Siku ya kwanza Hosiyat alisema mtandao. Baadaye akaacha kusema. Akaanza kula nusu, kulala nusu, kushika simu mkononi hata akiwa anakanda unga. Asubuhi moja akafungua chumba cha wageni ili autazame mkate wa mwanawe.

Ukelele wake Munojat aliusikia akiwa uani, ufagio ukamdondoka. Alimkuta mama mkwe amekaa chini, mkate mapajani. Pale Doniyor alipong'ata palikuwa pameota nywele, na nywele zina vichwa vyeusi.

"Mwanangu amekufa," Hosiyat alisema.

"Mama, usiseme hivyo!"

"Tazama hapa! Hapa ndipo mdomo wake ulipopita. Yuko mahali anaoza, na hakuna wa kuniambia."

"Ukuta umelowa, mama. Paa linavuja, si unaona?"

"Ukuta huu unalowa kila mwaka! Mkate wa baba yake ulikaa hapahapa muda wote alipokuwa jeshini, haukuota hata unywele. Alirudi akaula. Usinidanganye, binti. Mimi si mtoto."

Akalala palepale sakafuni na kujifunika shungi usoni. Chai hakunywa. Supu hakunywa. Mpaka alasiri alikuwa anaita jina la mwanawe kwa sauti ya chini, bila machozi, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Munojat alisimama mlangoni. Alijua asilolijua mama mkwe. Labda vumbi lilitoka kwenye kikopo chake, alilipuliza yeye mwenyewe. Labda halikutoka humo, kwa maana mwalimu alisema liko katika hewa ya kila nyumba, linangoja unyevu tu. Hakuna mtu duniani angeweza kusema kwa hakika. Kikopo angekiingiza chini ya gauni, akitupe mferejini, na nani angejua? Angeendelea kuvaa koti jeupe Jumatatu na Alhamisi. Na mama wa watu angekufa kwa hofu ndani ya chumba hiki.

"Ee Mungu, kwa nini mimi?" alinong'ona, kwa hasira kabisa. Kisha akaingia, akavuta magodoro, akatoa kikopo.

"Mama, inuka. Si Doniyor. Ni mimi."

Hosiyat akafunua uso.

"Chuo kilituagiza kuotesha ukungu. Niliiba mkate wako nikauficha hapa. Ukungu huu una mbegu, ni vumbi. Linaruka, linashika nguo, linaingia kwa pumzi, linapanda ukutani. Nililipuliza mimi mwenyewe. Limeangukia mkate wake."

"Unasema hivyo unitulize."

"Chukua kioo uone mwenyewe. Kwanza wangu. Hivyo, usogeze karibu na jicho. Sasa wake."

Mama mkwe alitazama. Akatazama kikopo, akatazama mkate, akarudi kwenye kikopo, mdomo wazi. Munojat alimwelekeza mkono, na kwa nukta kadhaa, Mungu amsamehe, alifurahi, kwa sababu Hosiyat alikuwa anaona kweli.

"Wana vichwa," Hosiyat alisema.

"Ndiyo, mama."

"Hivi hivi. Wale wale. Ndugu wa damu moja!"

"Ndugu wa damu moja, mama."

Hosiyat akaweka kioo chini, akaanza kulia machozi mengi ya raha. Munojat alijikunja akisubiri kofi. Badala yake mama mkwe alimvuta kifuani akambusu kichwani. "Kumbe ni wewe tu! Ni wewe tu, mwanangu! Alhamdulillahi!" Tangu harusi alimwita binti, au wewe. Mwanangu ilikuwa mara ya kwanza.

Asubuhi Munojat alichelewa kuamka, akakurupuka kwa hofu. Alikuta ua umekwisha fagiwa. Hosiyat mwenyewe alikuwa ameweka chai mezani, na asali, na malai ya maziwa.

"Kaa, mwanangu. Leo usishike kitu."

"Mama, leo Alhamisi. Ami atakuja kunichukua."

"Nimemwambia asije."

"Mama?"

"Chuo gani tena? Umesema kwa kinywa chako, linashika nguo, linaingia kwa pumzi. Na wenzako wote wanalo. Utakuwa unaniletea kila wiki? Nimekuamini, mwanangu. Nimeona kwa jicho langu."

"Lakini liko kila mahali, mama! Liko hata hapa, sasa hivi, hewani!"

"Kabla hujaja halikuwepo," Hosiyat alisema kwa upole, akamsogezea asali.

Angegombana na mtu mkali, hilo angeliweza, lakini Munojat angegombanaje na huyu anayempakia malai kwenye mkate? Kabla hajafungua mdomo, simu ikalia. Ilikuwa namba ngeni, na sauti ya Doniyor. Simu yake ilitumbukia kwenye zege, akasubiri mshahara anunue nyingine. Yeye mzima, tena amenenepa.

Hosiyat alilia, akacheka, akamlaani, akamwombea, yote kwa pumzi moja. Akamsimulia habari ya ukungu, kioo na vichwa vyeusi. "Mkeo ndiye aliyeniokoa roho! Hakika umeoa mtu! Nimekwisha mwambia apumzike nyumbani." Akaiweka simu sikioni mwa Munojat.

"Mama kanieleza yote," Doniyor alisema. "Asante sana, Munojat. Hayo ya chuo tutayatazama nikirudi."

"Utarudi lini?"

"Mwaka huu sidhani. Kazi ipo, nisiiache. Mwakani, Mungu akipenda. Vipi, lakini? Uko salama?"

Hosiyat alikuwa nyuma yake, anampapasa mgongo taratibu, anamnong'oneza sikio la pili, "Mwambie hukosi kitu, mwanangu. Asije akahangaika huko ugenini."

"Sikosi kitu," Munojat alisema.