Vipimo vya Papa

Wateja wa Papa, baba yangu fundi cherehani, walioko ng'ambo kule Bukavu, hawakuwa na desturi ya kuja kupimwa. Walimpa mbebaji kitambaa avuke nacho mpaka wa Rusizi ya Kwanza, na kikifika kwetu Kamembe Papa anakata kanzu bila kuuliza kitu. Vipimo vyao vyote alikuwa navyo kichwani. Baada ya kuugua alianza kusahausahau, akaniomba nivitie kwenye kompyuta kabla havijamtoka.

Kompyuta ya dukani ni kuukuu, kwa hiyo niliandika programu kwa lugha ya C, nikaitegemeza kwenye maktaba ndogo ya hifadhidata, yaani programu iliyoandikwa tayari kwa kazi ya kutunza data. Kukompaili, yaani kuigeuza iwe lugha ya mashine, kulipita; kuiunganisha na maktaba kukagoma. Kila nilipojaribu niliambiwa sehemu za maktaba hazionekani, kumbe nilisahau kuitaja maktaba yenyewe kwenye amri. Katika kuhangaika huko, ili nijaribu haraka, mahali pa jina la faili niliweka neno linaloiagiza maktaba itunze kila kitu kwenye kumbukumbu ya mashine tu. Ukifunga programu, vyote vinapotea. Nilijua hivyo vizuri kabisa.

Ilipounganika nilifurahi kama mjinga, nikasahau kuliondoa neno lile. Papa alikuwa ameshaketi, akili yake siku hiyo imetulia, akaanza kutaja nami naandika: vifua, mikono, bega la kushoto la mfanyabiashara mmoja, lililoshuka kuliko la kulia. Asubuhi nzima ilikwenda hivyo. Nikafunga programu, tukaenda kuswali adhuhuri.

Tuliporudi nikaifungua, hamna kitu. Nilimweleza yote, wala hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Haina shida, mwana," akasema. "Tuandike tena."

Nikaweka jina la faili, nikakompaili, nikaunganisha, nikahakikisha. Akaanza upya, lakini sasa alikuwa amechoka. Kwa yule mfanyabiashara akasema bega lililoshuka ni la kulia. Mtu huyo nimemwona akitembea, namjua: ni la kushoto. Papa akasita, akaniangalia.

"Njo vile nilisema asubui?"

Nilishindwa kumwambia kwamba la asubuhi, lililo sahihi, lilipotea kwa uzembe wangu.

"Ndiyo, Papa," nikasema. "Njo vile."

Akashusha pumzi, akaendelea na wengine, nami nikaandika kila alichotaja, bega lile la kulia likiwemo. Faili likatunza vyote, na mpaka leo anakata kanzu za watu kwa vipimo hivyo.