Kilo Tatu za Binti Yangu

Kila Januari, sisi watu wa magharibi ya Kenya tuliokwenda nyumbani Krismasi tulirudi Nairobi na vitu vitatu: kuku, ndizi na malaria. Kuku hakumaliza wiki. Ndizi tuliwagawia majirani ili wasitusengenye. Malaria ilibaki kwa watoto.

Mwaka mmoja katikati ya miaka ya tisini ilimshika binti yangu wa miaka mitatu. Aliamka mwili unachoma kama pasi, akakataa chai, akakataa hata kugombana, jambo ambalo kwa ukoo wa mama yake na kwa ukoo wangu halikuwa limewahi kutokea.

Wakati huo nilikuwa nanunua vyuma kuukuu pale Gatina, Kawangware. Kibanda changu kilikuwa na mabati manne, magunia, na mizani ya kutundika, ile yenye uso kama wa saa na mshale mmoja. Habari ya mshale huo lazima niitoe sasa. Nilipoanza kazi Kibera, nikizunguka na gunia begani, mnunuzi mmoja mkongwe alinifundisha kuupinda kidogo ili uegemee kale kapini kanakouzuia pale kwenye sifuri. Ukitundika mzigo, kilo tatu za kwanza zinamezwa kimya, ndipo mshale unaanza kusonga. Kilo ishirini zinasomeka kumi na saba. Mtu akinung'unika unamwonyesha mizani tupu. Si iko sifuri? Iko sifuri. Kuna neno lingine?

Sikujiona mwizi. Wauzaji nao walikuwa wakijaza mchanga kwenye mabomba, kwa hiyo kwa hesabu yangu tulikuwa sare. Mke wangu sikumwambia. Yeye alijua tu kwamba mizani ya mumewe haijawahi kukosea, maana ndivyo nilivyotangaza kila siku kwa sauti ya mhubiri.

Mkabala na kibanda kulikuwa na kliniki ndogo ya nesi mstaafu tuliyemwita Sista. Alimpapasa mtoto, akamfunua macho, akauliza tulikuwa wapi Krismasi. Tulipomjibu akatoa kopo la klorokwini.

"Ana kilo ngapi?"

Hatukujua. Kadi yake ya kliniki tuliisahau kwa nyanya yake huko nyumbani. Na mizani ya Sista ya watoto ilikuwa imekatika springi asubuhi hiyo hiyo.

"Sista, si umpatie tu nusu ya mtu mzima," nikasema. "Hata kwa gari ni hivyo. Mtoto nusu nauli."

"Hapa si stendi," akasema. "Unafikiri mtoto ni wewe uliyekatwa katikati? Mtoto mchanga ini lake bado linajifunza kazi, dawa inakaa mwilini siku nyingi. Huyu wa miaka mitatu ini lake lina mbio, linaivunja dawa haraka kuliko lako. Nikimpunja, malaria itanicheka. Nikimzidishia, hii dawa inaweza kusimamisha moyo. Nataka kilo."

Mke wangu akanyanyuka. "Kilo tu? Mizani si hiyo hapo ng'ambo?"

Kabla sijamzuia alikuwa ameshavuka barabara na mtoto, na kitambaa ambacho Sista hutumia kutundikia watoto kwenye mizani.

Kibandani walikuwa wauzaji wangu watatu wakinisubiri, wa mbele mzee mmoja wa Kibera aliyebeba rejeta ya lori kwa mkokoteni tangu asubuhi. Binti yangu akatundikwa kwenye ndoano pale pale ninapotundika gia na vyuma vya vitanda, miguu inaning'inia. Mshale ukasonga, ukatulia.

"Kumi na moja," mke wangu akasoma.

"Kumi na moja," wauzaji wakaitikia, kwa mazoea.

Nikahesabu mara mbili, kama kawaida yangu. Kumi na moja jumlisha tatu. Kumi na nne. Nikarudia. Kumi na nne.

Kule kliniki Sista akashika wembe. "Kilo kumi na moja, robo tatu ya kidonge leo." Akauweka wembe juu ya kidonge.

"Sista," nikasema. "Andika kumi na nne."

"Kwa nini?"

"Ana mifupa mizito."

"Mifupa imepimwa pamoja na yeye."

"Basi tupatane. Kumi na tatu na nusu."

Akaniangalia juu ya miwani. Nimepatana na Wakikuyu wa sokoni, nimepatana na askari wa kanjo, wale wa jiji, lakini macho kama yale sijakutana nayo tena. "Baba, unanunua kilo au unauza?"

Mke wangu alikuwa ameanza kunitazama kwa upande. Mlangoni alikuwa yule mzee wa rejeta, amenifuata nisije nikatoroka kabla ya kumpimia. Binti yangu alikuwa amelala begani kwa mama yake, mdomo wazi, anapumua mbio mbio. Nikamtazama mzee. Nikamtazama mtoto. Wembe ulikuwa umeanza kukata.

"Mizani inakula kilo tatu," nikasema.

Wembe wa Sista ukasimama.

"Inakula kilo za nani?" mzee akauliza, kwa upole wa kutisha.

Sista hakuwa na muda na mzee. "Anayedanganya kwenda chini anaweza kudanganya kwenda juu. Leteni unga." Akaletewa pakiti sita za kilo mbili mbili kutoka duka la pembeni, zimefungwa, na sote tukavuka barabara. Akazitia kwenye gunia, akatundika. Pakiti sita ni kilo kumi na mbili. Mtoto yeyote wa shule anajua. Mshale ukasoma tisa.

"Uuuwi!" akalia mama mmoja mwenye gunia la makopo. "Na mimi nilifikiri vyuma vya siku hizi ni vyepesi!"

"Kumi na nne," akasema Sista, akarudi kliniki. Kidonge kizima. Akakisaga kwa mgongo wa kijiko, akachanganya na sukari, akambana mtoto pua, akammwagia mdomoni. Mtoto akakunja uso wote, akameza.

"Sasa mkae naye nusu saa. Akitapika ndani ya nusu saa, hiyo dawa haijaingia, itabidi nirudie. Msimtikise."

Mke wangu akaniwekea mtoto mapajani. "Mshike wewe," akasema. "Mimi nataka mikono yangu iwe huru."

Nikakaa kwenye benchi la nje. Wauzaji wakakaa nami, mzee upande wa kulia, mama wa makopo kushoto, wa tatu amechuchumaa mbele. Hakuna aliyenigusa, maana mtoto hatakiwi kutikiswa. Hakuna aliyepaza sauti. Walinitukana kwa kunong'ona.

"Mwizi wewe," mzee akanong'ona sikioni. "Ile gia ya Oktoba. Ulisema kilo ishirini na mbili."

"Na masufuria yangu," akanong'ona mama, akimpepea mtoto kwa leso yake. "Pole toto, pole. Baba yako ni nyang'au."

Nilitazama saa ya Sista ukutani. Dakika kumi. Mtoto akacheua; wote wanne tukabana pumzi. Akameza. Mzee akampangusa mdomo kwa kofia yake, kisha akaendelea kunitukana. Dakika ishirini jasho likaanza kumtoka mtoto kwenye paji. Nilitaka dawa ikae, lakini sikuwa na haraka na zile dakika kumi zilizobaki.

Sista akatoka, akamgusa shingo. "Imekaa," akasema. "Kesho mje tena."

Mtoto akafumbua macho, akamwangalia mzee, akasema anataka ndizi.

"Ataletewa," mzee akajibu. Akamchukua mapajani kwangu taratibu, akamkabidhi mama yake, akakunja mikono ya shati. "Haya, bosi. Simama."