Kutua Bila Kishindo

Nilijifunza baleti nikinuka maganda ya kahawa. Mchana kutwa nilikuwa kwenye mtaro wa kuoshea kahawa kule Ruiru, maji magotini, nikizisukuma mbegu kwa miguu. Jioni nilinawa nikaingia stoo ya magunia, ambako memsabu, mke wa meneja, alinifundisha kunyoosha mguu na kuinua visigino huku nimeshika ukingo wa meza.

Sikuomba mimi. Alikuwa na darasa la wasichana wa kizungu mjini Thika, na kijana wao aliyepaswa kucheza dubu kwenye onyesho alikuwa ameitwa jeshini kwenda kupigana msituni. Memsabu aliwahi kuniona nikiuruka ule mtaro kuwachekesha wenzangu. Dubu huvaa kichwa cha manyoya na glavu, akasema, nani atajua? Mimi nilijua. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, enzi za Mau Mau, Mkikuyu kama mimi aliweza kukamatwa kwa kukohoa tu, nami nilikuwa naenda kurukaruka katikati ya mabinti mbele ya baba zao waliotembea na bastola viunoni. Usingizi ulinipaa. Lakini nilitaka kuruka kuliko nilivyotaka kulala.

Shida yetu ilikuwa kutua. Kabla ya kutahiriwa nilicheza ngoma ya muthuu, nimefungwa njingiri miguuni, zile njuga za chuma zinazosikika kabla mchezaji hajaonekana. Kwetu ukiruka, sharti ardhi ijibu, na watazamaji wajibu pia. Wakikunyamazia, umeharibu, shika njia uende nyumbani.

"Wewe naanguka kama gunia," memsabu alisema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Mimi nataka paka. Hapana kelele kabisa."

Tukarudia, tukarudia, hadi nikawa natua na panya wa stoo hawashtuki.

Siku ya onyesho nilipelekwa Thika nyuma ya pikapu, chini ya turubai, nimekumbatia kichwa cha dubu. Jukwaani niliona kupitia matundu mawili tu, na niliogopa hata kuwagusa wale wasichana kwa bahati mbaya. Hata hivyo nilicheza. Mruko wa mwisho sijawahi kuuruka tena vile, na nilitua kama memsabu alivyotaka. Piano ya memsabu ikakoma, kama tulivyopanga. Ukumbi nao ukanyamaza.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba wazungu hao, wakipendezwa, hubana pumzi kwanza, ndipo wapige makofi. Nilijua kitu kimoja: nimewaudhi. Miguu haikuniuliza. Nilipiga chini ule mguu wa muthuu kwa nguvu zangu zote, mbao zikanguruma ukumbi mzima.

Mstari wa mbele mwanamume mmoja akasimama. Nilisikia kifungo cha mfuko wa bastola yake kikifunguka, tak. Niliganda pale, jasho likinichuruzika ndani ya manyoya, nikingoja aniamuru nivue kichwa. Kisha mtoto mmoja akacheka. Memsabu akaibamiza piano kwa mikono yote miwili, kana kwamba kile kishindo kilikuwa sehemu ya muziki wake, na watu wakapiga makofi. Yule mwanamume akaketi, ila mkono wake ulibaki kiunoni.

Nyuma ya pazia memsabu alinivua kile kichwa cha dubu.

"Kwa nini wewe napiga chini?"

"Walinyamaza, memsabu," nikamjibu. "Kwetu ukinyamaziwa, umekataliwa."

Akanigeuza, akanifungulia vifungo vya mgongoni.

Baadaye nilicheza ng'ambo miaka mingi, uso wangu wazi. Watu walisifu sana jinsi nilivyotua, wakauliza nilifundishwa na nani, nami nilimtaja memsabu kwa heshima kwa sababu alistahili. Lakini hadi mwaka niliostaafu, kila nilipokuwa hewani nilikisikia kile kifungo cha mfuko wa bastola, nikashuka kwa uangalifu, yule mwanamume asije akasimama tena.