Kufuli la Mshona Magauni

Miguu yangu haina adabu, hunipeleka inakotaka yenyewe, na mara nyingi hunitua kwa mshona magauni, penye cherehani mbili na kiti kimoja cha mgeni.

Nyumbani kwao anwani ya barua pepe ilikuwa moja kwa wote, kama mlango wa mbele. Shemeji yake ndiye aliyezifungua barua na kuzisoma kwa sauti wakisubiri chakula, akitia na chumvi. Hakuna aliyeona ubaya. Basi daktari akamkuta mama huyu na uvimbe kifuani, naye akataka mdogo wake wa kike, aliye mbali, aujue kwanza kwa maneno ya dada yake mwenyewe, si kwa kinywa cha shemeji.

Fundi simu wa jirani akamweleza: kila mtu hutengeneza kufuli na ufunguo wake humo kwenye mashine ya kompyuta. Kufuli unaligawa likiwa wazi, anayekuandikia analibana kwenye barua yake, ufunguo unabaki nao wewe. Mama akaitikia, akatengeneza, akamtumia mdogo wake ufunguo kwa anwani ile ile ya nyumbani. Kwao ndivyo, ukisafiri ufunguo unaachiwa unayemwamini.

Fundi simu alicheka hadi bisibisi ikamponyoka. "Mama, umejenga ukuta, kisha umemkabidhi shemeji ngazi."

Mama hakucheka. Mshono uliokwenda upogo, alisema, haupigwi pasi, unafumuliwa. Akavitupa vyote viwili, akatengeneza vingine. Safari hii wakapeana makufuli tu, naye akaandika yake na kuyafunga kwa kufuli la mdogo wake. Juu ya barua aliweka "Salamu" basi, maana fundi alimwonya kwamba kichwa cha barua hakifichiki.

Jioni shemeji akakuta herufi zimevurugana kama uzi uliochezewa na paka, akasema mashine imekufa.

"Haijafa, shemeji. Ni barua yangu na mdogo wangu."

"Tangu lini humu tunafichana?"

"Tangu leo. Likiwa la kuwaambia, nitawaambia mwenyewe."

Mama mkwe akasema wapakue, chakula kinapoa.

Jibu lilipokuja nilikuwepo pale dukani. Alilifungua kwa simu, mgongo kaupa barabara, nami nikajifanya natazama magauni ukutani. Alifuta macho kwa kipande cha bitana. Mdogo wake anakuja, watakwenda hospitali pamoja.

"Sasa wa nyumbani nao watasikia," akasema, "na watasikia kwangu."

Akafunika cherehani, akafunga duka jua likiwa bado juu.