Tathmini Kabla ya Kipindi

Nina hasira za karibu na sijawahi kuzificha. Wanachuo wangu wanalijua hilo tangu wiki ya kwanza, na wale wa mwaka wa pili huwaonya wageni kwamba yule madam usimletee longolongo. Nimefundisha chuo cha ualimu upande wa Temeke kwa miaka mingi. Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kuwaandaa wanachuo kabla hawajaenda shuleni kwenye mazoezi ya kufundisha, yale ambayo wenyewe wanayaita BTP.

Wiki hiyo nawakusanya ukumbini na kusema nao waziwazi. Fika shuleni kabla ya mwalimu mkuu. Kwenye daftari la mahudhurio andika saa uliyofika, si saa uliyotakiwa kufika. Usimtume mtoto wa watu akakununulie maandazi. Simu ikae kwenye mkoba. Fimbo si yako, hata ukiikuta juu ya meza yako. Wanaandika, wanacheka, na kila mwaka lazima atokee mmoja wa kuuliza kama jinzi nyeusi inaruhusiwa. Hairuhusiwi.

Kisha nafika kwenye jambo langu. Andalio la somo, kwa asiyelijua, ni karatasi ambayo mwalimu anaiandika kabla ya kuingia darasani: atafundisha nini, kwa hatua zipi, kwa zana gani. Chini kabisa kuna nafasi ya tathmini. Hapo anatakiwa aseme, kipindi kikiisha, kama watoto wameelewa au hawakuelewa. Sasa wanachuo wetu, bila kufundishwa na mtu, huijaza nafasi hiyo nyumbani pamoja na nyingine zote. "Somo limeeleweka vizuri na wanafunzi wote," wanaandika, na hao wanafunzi wenyewe bado wamelala kwao.

Mwaka ninaousimulia nililikamata andalio la namna hiyo, nikaliinua juu ukumbi mzima ulione, nikalichana vipande viwili.

"Hii ni tathmini ya ndoto," nikasema. "Unamtolea mtoto hukumu kabla hajafungua mdomo. Mwalimu wa hivi haoni watoto, anaona karatasi tu."

Makofi yakapigwa. Nilijisikia vizuri sana, siwezi kusema uongo.

Safu ya mbele alikaa binti mmoja ambaye hakupiga makofi. Alikuwa anarudia. Mwaka uliotangulia alianguka kwenye mazoezi hayohayo. Ripoti ilisema darasa lilimshinda na sauti yake haikufika safu ya tatu, na kanuni ya chuo ilikuwa kwamba ukianguka mara ya pili, chuo basi. Kwao ni watu wa kusini, baba yake anachonga vinyago vya mpingo. Wakufunzi wenzangu walikuwa wameshakubaliana kwamba huyu binti ualimu hauwezi, na mie waliposema hivyo nilitikisa kichwa kukubali.

Kikao kilipoisha akanifuata mlangoni.

"Shikamoo madam."

"Marahaba."

"Madam, na kama somo halikueleweka, niandike hivyohivyo? Hata siku ya kukaguliwa?"

"Andika ulichokiona."

"Hata kama mkaguzi ni wewe?"

"Hasa kama ni mimi."

Akatabasamu kidogo. "Sawa madam. Maana mie nikianguka tena ndo nadisko. Narudi kwa baba kupiga msasa vinyago."

Nilimwambia aende akajiandae na aache kuhesabu misiba. Nilimwonea huruma, lakini ukumbini huruma sikuionesha.

Ikatokea kwamba mkaguzi wake ni mimi kweli. Siku hiyo nilikuwa na shule tatu. Mbili za Mabibo nilizimaliza asubuhi, nikapanda basi la mwendokasi, nikashuka Manzese jua likiwa utosini. Kwenye ofisi ya walimu nikapewa chai na chapati, na kipindi cha binti kilikuwa bado dakika ishirini. Nikaona nisipoteze muda. Nikatoa fomu ya ukaguzi nikaanza kujaza: shule, darasa la tatu, Hisabati, mada ni kutoa kwa kuchukua. Kalamu ikafika kwenye maoni ya mkaguzi na haikusimama. Nikaandika: "Sauti ni hafifu. Udhibiti wa darasa ni dhaifu. Ajitahidi." Nikamalizia chai, nikafunga faili. Sikuona ubaya wowote. Nimekagua wanachuo wengi mno, mtu unafika mahali unajua.

Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya sabini, wanne wanne kwenye dawati. Nyuma ya ukuta, hatua chache tu kutoka dirishani, mafundi walikuwa wanatengeneza mageti, na mashine yao ya kukatia chuma ilipowaka hata mawazo yako mwenyewe huyasikii. Nikakaa nyuma nikijua kitakachotokea. Atapiga kelele, mashine itamshinda, watoto watachachamaa.

Hakupiga kelele. Mashine ilipowaka alinyamaza na kuinua mkono, na watoto wakainama kwenye madawati kuhesabu. Kila kundi lilikuwa na mfuko wa vipande vya mpingo, masalia ya karakana ya baba yake, vingine amevifunga kumikumi kwa mpira. Mashine ilipozima akashusha mkono, akasema maneno matatu manne kwa sauti ileile ndogo, na watoto sabini wakamgeukia kumsikiliza. Ikiwaka wanahesabu, ikizima anafundisha. Alikuwa amewasikiliza wale mafundi siku nyingi, akajua pumzi zao. Miaka yote niliyokagua nilikuwa sijaona mtu anafanya hivyo.

Kisha akaandika ubaoni hamsini na mbili toa ishirini na saba, kila mtoto afanye peke yake kwenye daftari. Akapita kati ya madawati. Nami nikachungulia madaftari yaliyokuwa karibu nami. Thelathini na tano. Thelathini na tano. Thelathini na tano. Watoto walikuwa wametoa mbili kwenye saba kwa sababu hivyo ni rahisi, hakuna aliyefungua fungu la kumi. Jibu ni ishirini na tano.

Aliona. Nilimwona anaona, bega lake lilishuka. Akarudi ubaoni haraka, akachukua mpingo, akafungua fungu moja mbele yao, lakini kengele ikamkatisha katikati.

Watoto walipotoka akakaa kwenye dawati la kwanza na kuandika tathmini. Hakuharakisha. Aliponiletea andalio lake nikasoma: "Wanafunzi wengi hawakuelewa. Wametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kufungua kumi. Nilipita haraka hatua ya pili. Kesho narudia hatua hiyo kwa vitendo kabla ya zoezi." Mwandiko ulikuwa mzuri.

Utaratibu wetu ni kwamba mkaguzi na mwanachuo hukaa pamoja baada ya kipindi, mwanachuo anasomewa maoni, kisha anasaini fomu. Nikafungua faili kwa mazoea, na fomu ikawa hiyo hapo juu, imejaa, wino umekauka, pembeni ina duara la kikombe cha chai.

Akaisoma ikiwa kichwa chini kutoka upande wake. Akaiangalia ile alama ya kikombe. Akafungua kifuniko cha kalamu.

"Nisaini wapi, madam?"

Niliona aibu, aibu ya kweli ya kuchoma masikio. Angenigombeza ningepata pa kushikia, mie ugomvi nauweza. Lakini binti alikuwa tayari kusaini atoke chuoni kwa karatasi niliyoiandika nikiwa na chapati mkononi, naye mkononi mwangu ameniwekea tathmini ya kweli ambayo ingeweza kumwangusha. Alinitii mimi, na mimi sikujitii.

"Usisaini," nikasema. "Hii niliiandika ofisini, kabla ya kukuona."

Akaangalia chini. "Sawa madam."

"Si sawa." Nikaichana vipande viwili. Nikakumbuka ukumbi na makofi. "Siku ile nilipochana andalio la mwenzenu, wewe hukupiga makofi. Kwa nini?"

"Mwenye lile andalio nalala naye chumba kimoja, madam. Alilia mpaka tukakosa la kumwambia."

Lile nalo likaingia. "Basi nitamwomba radhi kwa jinsi nilivyolichana," nikasema. "Kwa nilichosema, simwombi."

Hapo akacheka, mara ya kwanza tangu nimfahamu, na mimi nikapata pumzi.

Nikatoa fomu mpya, nikaanza upya mbele yake, na kila mstari nikauandika nikimwambia. Kwamba sauti yake ni ndogo na ameijengea njia, darasa lote limemsikia. Kwamba zana zake zilikuwa bora kuliko zote nilizoziona msimu ule. Kwamba hatua ya pili aliikimbia na somo halikufika, hilo sikulipunguza hata kidogo. Kwamba ameona kosa lake kabla mimi sijamwonesha, na anajua kesho ataanzia wapi, na kwamba huyo ndiye mwalimu. Alama nikaziweka pale zilipostahili. Zilitosha kumpitisha, na hakuna hata moja iliyokuwa ya huruma. Chini nikaandika saa niliyoijaza.

Vile vipande vya fomu ya kwanza ninavyo mpaka leo, nimeviunganisha kwa selotepu. Wiki ya maandalizi ikifika naviinua mwenyewe ukumbini na kusema ni vya nani. Andalio la mtu sichani tena.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni pale darasani Manzese, mashine ya mafundi ikiwa imezima. Nilimsogezea fomu mpya na kumwonesha kwa kidole mahali pa kusaini. Hakusaini. Aliivuta karibu, akaanza kuisoma kutoka juu, mstari mmoja baada ya mwingine, nami nikamsubiri amalize.